Jiwe la Enoch Pridmore Chini ya Shayiri

Ilipofika wiki ya saba bila tone la mvua, katika kiangazi kile cha mwaka 1976, ndege ndogo ilianza kuzunguka juu ya kijiji cha Wadlow. Ilikuja asubuhi, ikapiga duara juu ya mashamba, ikainama upande mmoja kama kuku anayetega sikio, kisha ikaondoka kuelekea mji wa Stamford. Kijijini wakakubaliana kwamba ni serikali inawasaka wanaomwagilia bustani wakati imekatazwa. Edna Pridmore akaukunja mpira wake wa maji na kuusukuma chini ya kitanda.

"Wanaweza kutuona kutoka juu kule?" akamuuliza mumewe.

"Wanauona huo mpira, na soksi zako kwenye kamba, na upara wangu," Amos akajibu. "Wanaona kila kitu ila kile chenye maana."

Amos Pridmore alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikuwa mtu wa mwisho Wadlow aliyejua kugeuza jiwe kuwa kigae. Ujuzi huo haukuwa umempa mkate tangu ujana wake. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na tisa kwenye machimbo ya chuma, akiendesha mashine yenye ndoo iliyotosha kumeza basi, mashine iliyofanya kwa asubuhi moja kazi ya mwaka mzima ya baba yake na wenzake sita, na kuifanya vibaya. Nyumba walizojenga vijana siku hizi ziliezekwa kwa vigae vya saruji vilivyopakwa rangi ili vifanane na jiwe. Ukiwaambia havifanani, walikutazama kama mgonjwa.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na paa la namna mbili. Upande wa mbele, uliotazama barabara, ulikuwa wa vigae vya mawe, vikubwa chini na vidogo juu, vilivyopangwa na Enoch, baba yake. Upande wa nyuma ulikuwa wa mabati. Enoch alimwahidi mkewe kwamba upande wa nyuma ungefuata mara tu akipata mawe yake mwenyewe ya kutosha. Mama yake Amos alikufa akisikiliza mvua ikipiga mabati juu ya kitanda chake, na Amos na Edna wakaurithi ule mlio.

Jiwe la Wadlow halipasuliwi kwa nyundo. Wachimbaji walilichimba mwishoni mwa mwaka, mabamba mazito yenye unyevu ndani yake, na unyevu huo waliuita utomvu. Waliyatandaza mabamba juu ya majani, wakayamwagia maji kila siku, wakangoja jalidi, ile baridi kali inayogandisha maji. Jalidi ikishika siku kadhaa, ikilegea na kushika tena, utomvu huganda na kutanua jiwe kwa ndani, hata tabaka zake zikaachana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Hapo ndipo nyundo ilipoingia. Mwaka usio na jalidi waliyafukia mabamba udongoni yasikauke, yangoje baridi nyingine. Jiwe likikauka mara moja limekufa. Unaweza kulinywesha mto mzima, halitapasuka tena.

Wiki mbili baada ya ndege, msichana alibisha mlango akiwa na boksi kubwa la picha kwapani. Aliitwa Rosalind Gough, na ndiye aliyekuwa akikaa nyuma ya rubani, akipiga picha kwa ajili ya ramani ya mashimo ya zamani ya wilaya.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayeyajua mashimo, Bwana Pridmore."

"Aliyekwambia alitaka kukuondoa mlangoni kwake," Amos akasema. "Ingia, binti. Edna, kuna chai?"

"Chai ipo. Maji ndiyo ya kupanga foleni," Edna akasema, lakini akaweka birika motoni, na pai ya nyama ya nguruwe mezani.

Rosalind akatandaza picha. Amos akavaa miwani na kuinama. Tangu atoke jeshini alikuwa akiyatazama mashamba yale kutoka chini, na hayakuwa yakimwonyesha kitu. Wakati wa vita kamati ya serikali iliamuru kila kipande kilimwe ngano. Matingatinga yakang'oa ua wa miti, yakasukuma vifusi ndani ya mashimo, yakasawazisha kila kitu. Aliporudi mwaka 1946 alikuta shamba moja kubwa, bapa kama meza, mahali palipokuwa na viwanja sita vyenye majina. Na sasa, kwenye picha ya msichana huyu, shayiri iliyokauka kwa jua ilikuwa imeyatapika yote. Palipokuwa na shimo udongo ulikuwa na kina, shayiri ikabaki kijani. Yalitokea madoa ya kijani kama ndui, kumi, ishirini, arobaini, yakifuata mstari wa jiwe kutoka mtoni mpaka kanisani.

"Hapo ni kwa Jabez Tyers," Amos akasema, kidole kikiwa juu ya picha. "Hapo walichimba ndugu wawili wasiosemezana. Unaona mashimo mawili yamegeuziana mgongo? Walifanya kazi hatua tano mmoja kutoka kwa mwenzake, na kila mmoja akaweka ngazi yake upande wa mbali."

Rosalind alicheka na kuandika kwa kasi. "Wenzangu walidhani ni mashimo ya mabomu."

"Wenzako wana shahada?"

"Wote."

"Basi ndiyo maana."

Waliendelea hivyo hadi chai ikapoa. Kisha Rosalind akatoa picha ya shamba la Pingle, ambalo sasa lilikuwa la mkulima Dennis Cawthorn. Pembeni mwa doa moja la kijani palikuwa na umbo jeupe la mstatili, limenyooka kama limechorwa kwa rula. Pembeni yake Rosalind alikuwa ameandika kwa penseli: *Kaburi?*

"Kaburi!" Amos akaangua kicheko. "Nani azikwe Pingle, binti, na kanisa liko pale? Hiyo ni shayiri imekufa kwa sababu chini yake kuna jiwe. Mtu alifukia mabamba yake yangoje..."

Kicheko kilibaki usoni kwa kitambo kama kofia iliyosahauliwa kichwani.

"Yangoje nini, Bwana Pridmore?"

"Jalidi," akasema. "Hilo ni jiwe la baba."

Enoch aliyafukia mabamba yale mapema mwaka 1939, baada ya majira ya baridi yasiyofaa kitu. Yalikuwa ya paa la nyuma, mawe aliyojichimbia mwenyewe siku za Jumamosi. Vita vikaja, Amos akaenda jeshini, na Januari ya 1940 ikaleta jalidi ambayo wazee hawakuwa wameiona tangu utoto wao. Enoch akafa Machi kwa homa ya mapafu, na mawe yakiwa bado ardhini. Baada ya vita Amos alichimba sehemu mbili katika shamba lile tupu, siku mbili, akakosa. Akajiambia kwamba hata hivyo yangekuwa yamekwisha kufa. Akaenda kwenye machimbo ya chuma.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Cawthorn akiwa na picha mkononi. Cawthorn alikuwa mtu wa miaka arobaini, mnene, mwenye mzaha kwa kila jambo isipokuwa bei ya shayiri.

"Mzee Amos, unataka kuchimba shamba langu kwa sababu ya picha?"

"Ukishavuna. Nitarudisha udongo mwenyewe."

"Haya. Lakini uwahi. Nimeagiza chuma cha kutifua chini, kinashuka mara tatu ya plau. Mwishoni mwa Septemba kikipita pale, baba yako atapata kokoto."

"Hujawahi kugonga kitu pale na plau?"

"Nagonga kila mwaka," Cawthorn akasema. "Nilidhani ni mwamba. Nikawa nainua plau kidogo, napita."

Amos hakuyapenda maneno yale. Plau iliyogonga jiwe ilimaanisha udongo wa juu ulikuwa umepungua, umekwanguliwa mwaka baada ya mwaka na kupeperushwa. Enoch alifunika mawe yake kwa kina cha mkono mzima.

Shayiri ilivunwa mapema mwaka ule, fupi na nyepesi. Rosalind alikuja na rula na utepe wa kupimia, akahesabu kutoka lango la shamba, akasimama katikati ya mabua makavu na kusema, "Hapa." Amos akapiga sepetu. Kwa kina kisichofika kiwiko, chuma kikalia.

Waliondoa udongo asubuhi nzima, Amos, Rosalind na Cawthorn aliyesema amekuja kutazama tu. Mabamba yalikuwa yamesimamishwa kwa ukingo, yamebanana kama vipande vya mkate kwenye karatasi yake, safu tatu, kila moja likiwa na alama ya patasi ya Enoch kuonyesha upande wa chini. Hakuna hata moja lililolegea.

"Hebu ona," Cawthorn akasema polepole, akavua kofia, kisha akaona aibu na kuivaa tena. "Na hii ni kufukia tu?"

"Ni kufukia tu," Amos akasema.

Akapiga magoti, akapangusa bamba moja kwa shati, akaliramba. Rosalind akageuza uso kidogo, lakini Amos hakuwa na habari naye. Jiwe lililo hai ni baridi na ulimi huteleza. Hili lilikamata ulimi wake kama karatasi kavu. Akajaribu la safu ya pili, likakamata. Akashuka tumbo chini, kichwa ndani ya shimo, akaliramba moja la safu ya mwisho. Lilikamata, ila si sana. Au pengine alitaka liwe hivyo.

"Limekufa?" Rosalind akauliza.

"Siwezi kusema mpaka jalidi."

"Jalidi ni Desemba, mzee," Cawthorn akasema. "Mimi nataka shamba Septemba." Akajikuna shavu. "Tuna friza kubwa ghalani. Nusu nguruwe na njegere za mke wangu. Kama unataka baridi, ile ni baridi."

Amos angemcheka mtu mwingine. Baba yake alisoma mawingu, alisikiliza kunguru, alitoka mlangoni alfajiri na kunusa. Sasa majira ya baridi yalikuwa kwenye sanduku jeupe lenye waya, kati ya njegere na kichwa cha nguruwe. Lakini akachukua mabamba matatu, moja kutoka kila safu, akayaloweka siku tatu kwenye beseni, akayafunga kwa magunia na kuyalaza ndani. Alifuata desturi: usiku wa siku mbili kwenye baridi, mchana mmoja nje, maji, kisha ndani tena. Alikwenda ghalani kila asubuhi. Mke wa Cawthorn akamwambia Edna dukani kwamba Amos ana mahaba na friza lake.

Nyumbani Amos aliacha kula. Siku ya tisa Edna akasukuma sahani ya viazi mbele yake, akakaa kumkabili.

"Ni mawe, Amos. Yakipasuka, vizuri. Yasipopasuka, mabati yapo, tumeyazoea."

"Si mawe tu."

"Ni nini basi?"

Amos akatazama ukutani. Alikuwa ameyabeba maneno yale miaka thelathini na sita, na yalitoka bila mpangilio.

"Baba aliniandikia barua kambini. Jalidi ilikuwa imeshika. Alisema mgongo haumruhusu kuyafukua peke yake, na wenzake wote wameitwa vitani. Alisema nikipewa likizo nije siku mbili tu. Mbili." Akasukuma sahani kando. "Nilipewa saba. Nikamwandikia kwamba wamenikatalia."

Edna hakuuliza alikuwa wapi siku hizo saba. Alijua. Alikuwa naye mjini Leicester, theluji imejaa barabarani, mkono wake mfukoni mwa koti la jeshi la Amos, wakitoka kucheza dansi. Siku ya sita Amos alimwomba aolewe naye.

"Likizo ile ile?"

"Ile ile."

"Kwa hiyo muda wote huu, kila mvua ikipiga hayo mabati, ulikuwa ukinisikia mimi."

"Hapana, Edna. Sikusema hivyo."

"Hukusema chochote, ndiyo shida." Aliinuka, akachukua sahani yake mwenyewe ambayo bado ilikuwa imejaa, akaiweka chini kwa nguvu karibu na jiko. Alikuwa na hasira kuliko Amos alivyopata kumwona tangu binti yao aolewe bila kuwaambia. "Nilikuwa kwenye kiwanda cha viatu, we mwanamume. Kutwa kucha nikibeba masanduku. Nilikuwa na mabega kama ya farasi. Ungeniambia, 'Edna, baba yangu ana mawe ya kufukua,' unadhani ningefanya nini? Ningelia? Ningekuja! Siku mbili Wadlow, siku tano dansi. Ningemjua baba yako."

Katika miaka yote ile Amos alikuwa amejihukumu kwa kuchagua kati ya vitu viwili. Haikuwahi kumpitia kichwani kwamba angeweza kuuliza.

"Baba yako aliwaambia watu nini?" Edna akauliza baadaye, sauti ikiwa imeshuka. "Ulipomwandikia hivyo."

"Jabez Tyers aliniambia. Baba alimwambia, 'Wamemnyima mwanangu, masikini.' Alinihurumia."

Siku ya kumi na nne walikwenda ghalani pamoja. Amos alikuwa na nyundo ya Enoch, nyembamba, mpini umechakaa mahali pa kidole gumba. Akalisimamisha bamba la kwanza juu ya gunia na kuligonga ukingoni kwa wepesi, kama anayebisha mlango wa mgonjwa. Hakuna. Akagonga kwa nguvu zaidi. Likavunjika kwa mkato, kama biskuti, na ndani likawa jeupe na vumbi. La pili likafanya hivyo hivyo.

La tatu, la safu ya chini kabisa, aligonga pembe. Sauti ikabadilika. Akagonga tena, na mstari mwembamba ukatokea ukingoni, mweusi, ukakimbia urefu wa kidole. Ndani ya mstari ule mlikuwa na ubaridi wa giza, rangi ya jiwe hai. Cawthorn akapiga mluzi. Amos akaingiza ncha ya nyundo, akasukuma taratibu, na jiwe likafunguka, likafunguka, kisha likasimama. Akagonga mbele, akagonga nyuma. Likavunjika mkononi mwake, nalo pia kama biskuti, isipokuwa ile pembe moja, kipande cha kigae kilicholingana na kiganja, kizuri, unene sawa pande zote.

"Basi moja limepasuka!" Cawthorn akasema. "Si dalili nzuri hiyo?"

Amos alikaa juu ya ndoo.

"Unajua maana yake nini, Dennis? Lilikuwa hai. Juzi tu lilikuwa hai. Kiangazi hiki ndicho kilicholiua, na lilikuwa bado linakata roho tulipolifukua." Akageuza kile kipande. "Nilijiambia lilikufa zamani. Mwaka 1947 lilikuwa hai. Mwaka 1963, tulipotembea juu ya mto ulioganda, lilikuwa hai. Baridi yoyote katika hizo ningeweza kuja na sepetu na kuendelea kuchimba mpaka nilipate. Nilichimba siku mbili."

"Usingeliona, mzee. Lilionekana kwa sababu ya ukame."

"Najua," Amos akasema. "Najua hilo pia."

Edna alimshika mkono akamsaidia kuinuka kutoka kwenye ndoo.

Mwisho wa Agosti mvua zikaja, na zilipokuja hazikujua kukoma. Kufikia wiki ya mwisho ya Septemba lango la Pingle lilikuwa dimbwi la tope lililomeza trekta mpaka ekseli. Cawthorn akaja mlangoni kwa Amos, akageuza kofia mikononi, akazungumza kuhusu hali ya hewa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sema, Dennis."

"Yale mawe. Siwezi kuyaacha pale, chuma kinakuja Alhamisi. Ningeyatupa langoni chini ya magurudumu, lakini nimeona nikuulize. Ukisema hapana, nitayasogeza kando ya ua, yakae."

Amos alifikiria yakikaa kando ya ua, yakiota kuvu, vijana wakiyakalia.

"Yatie langoni," akasema. "Lakini nitayapanga mimi."

Walifanya kazi siku mbili, mvua ikinyesha. Cawthorn alileta mawe kwa tela na alitaka kuyamwaga. Alisema ni lango la shamba, si sakafu ya kanisa. Amos alisimama ndani ya tope na kuyasimamisha mabamba kwa ukingo, yamebanana, yameinama kidogo kuelekea upande wa mteremko ili maji yapite. Mgongo ulimuuma, akaendelea. Mchana wa siku ya kwanza Edna alikuja na mkate na chupa ya chai, akatazama kidogo, akarudi nyumbani, kisha akaja tena amevaa buti za bustani na koti la zamani la Amos. Akanyanyua bamba kutoka kwenye tela, akalibeba kifuani.

"Upande upi chini?"

"Huo wenye alama ya patasi. Hapo, chini ya kidole chako."

Akalishusha. Amos akalisogeza upana wa unyasi, akalipiga kwa kiganja, na Edna akaenda kuchukua jingine.

Ilipofika Jumatano alasiri walikuwa wamemaliza. Cawthorn akapanda trekta, akavuta tela lililojaa samadi, akapita langoni, akarudi, akapita tena. Mawe hayakutikisika.

"Yamekaa!" akapiga kelele kutoka juu.

Edna alipunga mkono. Amos alisimama kando, akitazama magurudumu yakipaka tope juu ya mabamba, na trekta lilipopita mara ya nne hungejua kama kulikuwa na jiwe pale.